Hasara ya Maradhi Hubebwa na Nani?

Tauni ilipozidi Bombay mwishoni mwa 1896, wafanyakazi wa viwanda vya nguo walifungasha virago. Miezi michache baadaye karibu nusu ya wakazi wa jiji walikuwa wamekimbilia vijijini. Kwa desturi wenye viwanda walilipa mshahara wa mwezi, tena kwa kuuchelewesha wiki kadhaa, ili anayetaka kuondoka aogope kuliacha jasho lake nyuma. Sasa wakaanza kulipa kila jioni, taslimu. Mawakala wao walisimama kwenye pembe za barabara wakipandiana dau kwa kila mfumaji aliyepita. Hakuna aliyekuwa amewahubiria huruma. Mikono ilikuwa imeadimika, basi. Tauni ilipolegea mwaka 1897, matajiri walitaka kurudisha malipo ya mwezi kama zamani, na migomo ikazuka.

Kisa hicho chafaa kuwa ufunguo wa historia nzima ya biashara wakati wa magonjwa ya mlipuko. Maradhi huja na hasara, na hasara lazima imwangukie mtu: mwenye mali, mfanyakazi au mteja. Yule asiye na pa kukimbilia ndiye huangukiwa kwanza, isipokuwa pale upungufu wa watu, au sheria, unapompa nguvu. Huko Uingereza, baada ya tauni kuu iliyoanza 1348, vibarua waliosalia walidai ujira zaidi. Mfalme na mabwana wa ardhi wakajibu kwa amri ya 1349 na sheria ya 1351, wakaagiza ujira urudi katika kiwango cha kabla ya maradhi. Kinyongo kilichotokana na sheria hizo kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea uasi wa wakulima wa 1381.

Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na hesabu katili zaidi. Mapato ya forodha yalikodishwa kwa jumba la biashara la Jairam Shivji, na ushuru wa watumwa ulitozwa kwa kichwa. Mtu aliyekaribia kufa ndani ya jahazi alikuwa gharama tupu, na zipo taarifa za manahodha kuwatupa wagonjwa baharini kabla ya kutia nanga ili wasiwalipie. Kipindupindu kilipopiga mwaka 1869 na 1870, daktari James Christie, aliyekuwa akiishi mjini, aliifuatilia njia yake akaona kwamba ugonjwa ulisafiri pamoja na misafara ya biashara, kutoka bara hadi Pangani, kisha ukavuka bahari. Biashara iliyowaleta wagonjwa ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwakana.

Mteja naye ana hasara yake, na mara nyingi ni kufichwa habari. Hamburg mwaka 1892 ilitawaliwa na wafanyabiashara. Kutangaza kipindupindu kulimaanisha meli kuzuiwa bandarini, kwa hiyo wakuu wa mji walisitasita siku kadhaa huku watu wakiendelea kunywa maji ya mto Elbe yasiyochujwa. Zaidi ya watu 8,500 walikufa. Altona, mji jirani ambao mpaka wake ulikuwa ni upana wa barabara tu, ulichuja maji yake kwa mchanga na ukanusurika kwa kiasi kikubwa. Uchujaji ulihitaji fedha, na Hamburg ilikuwa imeuahirisha miaka mingi.

Homa ya mafua ya 1918 iliwakuta wachimbaji wa almasi wa Kimberley wamefungiwa kwenye kambi za kampuni ya De Beers, wakilala wamebanana. Zaidi ya mmoja kati ya kila Waafrika watano walioajiriwa na kampuni alikufa. Walionusurika walidai kurudi makwao, na kampuni ilipowaruhusu, ugonjwa ukapanda treni pamoja nao hadi vijijini. Kaskazini zaidi, huko Katanga nchini Kongo, kampuni ya migodi ya Union Minière ilikuwa imezoea kuleta vijana kutoka mbali kwa mikataba mifupi, kuwatumikisha, kuwazika wengi na kutafuta wengine. Hesabu hiyo ilipoharibika kwa sababu watu wapya walikuwa ghali na haba, kampuni ikageuka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilitoa mikataba ya miaka mitatu, nyumba za ndoa, zahanati na lishe bora. Vifo vikashuka, watoto wakazaliwa kambini, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani. Lubumbashi ya leo, jiji la Katanga, inaongea lugha ya kambi zile.

UKIMWI ulileta jipya: mahakama. Shirika la ndege la Afrika Kusini lilikataa kumwajiri Jacques Hoffmann kuwa mhudumu wa ndani ya ndege kwa sababu alikuwa na virusi. Lilijitetea, pamoja na mengine, kwamba biashara yake ingedhurika mbele ya washindani. Septemba 2000 Mahakama ya Katiba iliamuru aajiriwe: hofu ya wateja si sababu ya kumnyima mtu kazi. Kwangu mimi hukumu hiyo ina uzito kuliko matangazo yote ya ukarimu wa makampuni. Lakini haki yao wapewe pia: mwaka 2002 Anglo American ilitangaza kuwapa wafanyakazi wake dawa za kupunguza makali bure. Kumpoteza fundi wa mgodini kulikuwa kunagharimu zaidi kuliko vidonge, hasa baada ya kampuni ya Cipla ya India kuitikisa bei mwaka uliotangulia.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 Safaricom iliondoa ada ya M-Pesa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000, hatua iliyodumu hadi mwisho wa mwaka, huku mamlaka ya ushindani ya Kenya ikiamuru supamaketi moja iwarudishie wateja fedha kwa kuwauzia vitakasa mikono kwa bei ya juu. Dar es Salaam mambo yaliamuliwa barabarani. Daladala zilitakiwa kubeba “level siti”, abiria wa kukaa tu. Wa kusimama walipotoweka, mapato yakapungua. Bosi aliyekubali kupunguza hesabu ya siku, yaani fedha anazokabidhiwa na dereva kila siku, aligawana hasara na dereva wake. Asiyekubali aliwaachia yote dereva na konda, ambao hula kinachobaki baada ya hesabu na mafuta. Madereva walikuwa wamegoma Aprili na Mei 2015, na mojawapo ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Miaka mitano baadaye korona iliwakuta wengi wao hawana karatasi yoyote ya kumwonyesha bosi.