Kutoka Magodoro ya Nakuru Hadi Rafu Tupu

Jina Nakumatt lilikuwa linataja lilikotoka: Nakuru Mattresses, duka la magodoro la familia ya Shah pale Nakuru. Naivas na Tuskys pia zina mizizi upande huo, Rongai ya Nakuru, si ile ya matatu zenye kelele.

Nakumatt ilipofika Nairobi ilibadilisha mambo. Matawi mengine hayakufungwa usiku. Ungeingia saa tisa usiku kutafuta maziwa, utoke na friji. Ndovu wa nembo yake akavuka mpaka: Uganda, Rwanda, Tanzania. Matawi yakapita 60. Moto wa 2009 pale Downtown na shambulio la Westgate mwaka 2013 viliiumiza, lakini si vilivyoiua.

Iliuliwa na deni. Mama mboga hununua nyanya kwa pesa taslimu. Supamaketi hukopa: mkate unaletwa leo, kesho umeuzwa, lakini mwenye mkate analipwa baada ya miezi miwili au mitatu. Katikati hapo pesa yake inakaa kwa duka. Ikitumika kufungua tawi jipya, na hilo tawi lisilete faida haraka, utamlipa na nini? Unakopa mkate wa mwingine.

Kufikia 2017 wasambazaji walikuwa wamechoka. Rafu zikabaki tupu, wenye majengo wakafunga milango. Januari 2018 mahakama ikaikabidhi kampuni kwa msimamizi. Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Madeni yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 30.

Na si ati hatukuwa na mfano. Uchumi, iliyoanzishwa na mashirika ya serikali mwaka 1975, ilifunga milango mwaka 2006, ikafufuliwa, kisha ikazama tena kwa madeni. Tuskys nayo ikafuata njia hiyo hiyo kuanzia 2020.

Kampuni kama hizi zikianguka, foleni ya kulipwa haiko sawa. Benki ina dhamana, inatangulia. Aliyeleta mayai kwa pikipiki ana karatasi tu ya kuonyesha aliyafikisha.

Mwishoni mwa 2019 sheria ya ushindani ilirekebishwa: mnunuzi mkubwa akichelewesha malipo bila sababu, sasa hilo ni kosa. Wiki chache baadaye, wadai wa Nakumatt wakapiga kura yao. Kwa mtu wa mayai, sheria ilifika duka likishafungwa.