Jinsi Kovu la Upasuaji wa Matiti Lilivyofupishwa

Mwaka 1956 daktari wa upasuaji wa Houston, Marekani, aitwaye Robert Wise, alichapisha mchoro wa upasuaji wa kupunguza matiti ambao asili yake haikuwa katika vitabu vya tiba. Aliupata kwa watengenezaji wa sidiria. Hao walikuwa wameshajua kukata kitambaa bapa hivi kwamba kikishonwa kinatoa umbo la duara, jambo ambalo madaktari walikuwa wakilihangaikia kwa miongo kadhaa. Wise aliuchukua utaalamu huo wa cherehani na kuuhamishia kwenye ngozi ya mgonjwa.

Mchoro ulifaa sana, ila gharama yake ilikuwa kovu la sehemu tatu: moja linazunguka duara jeusi la chuchu, la pili linashuka wima, la tatu linalala katika mkunjo wa chini ya titi, kutoka karibu na kidari kuelekea kwapani. Madaktari huliita kovu la nanga.

Upasuaji wenyewe ni wa kale, na maelezo yake ya mwanzo yaliwahusu wanaume. Katika karne ya 7 Paulo wa Aegina, tabibu wa dola ya Byzantium, aliandika namna ya kumsaidia mwanamume mwenye matiti makubwa kama ya mwanamke: pachanjwe kwa umbo la mwezi mchanga, mafuta yatolewe, kisha pashonwe. Al-Zahrawi wa Cordoba aliieleza kazi hiyo tena katika Kitab al-Tasrif, yapata mwaka 1000. Wanawake, ambao ndio hasa waliokuwa wakielemewa na uzito huo, walisubiri mpaka nusu kaputi na usafi wa vyombo vilipoingia hospitalini karne ya 19. Mwaka 1882 Theodore Gaillard Thomas wa New York alitoa vivimbe visivyo vya saratani kwa kupitia mkunjo wa chini ya titi, ili titi lenyewe lifunike kovu. Huyu alilificha tu. Kulifupisha kulikuja baadaye sana.

Kizuizi kilikuwa chuchu. Titi likipunguzwa, chuchu hupandishwa juu, na ikikosa damu hufa. Huko Vienna, miaka ya 1920, Hermann Biesenberger aliitenga ngozi na tezi ya maziwa, akaichonga tezi, kisha akairudishia ngozi juu yake. Njia hiyo ilipendwa kwa miaka mingi ingawa iliua sehemu za titi kwa wagonjwa wasio wachache, na ni vigumu kuelewa kwa nini ilivumiliwa hivyo. Mwaka 1930 daktari aitwaye Schwarzmann alionyesha kuwa tabaka la ndani la ngozi inayoizunguka chuchu nalo huipelekea damu, kwa hiyo lisikatwe ovyo. Hapo pakaanza desturi ya kuiachia chuchu kikonyo cha nyama chenye mishipa ya damu. Strömbeck wa Sweden alikilaza kikonyo hicho mwaka 1960. McKissock wa Marekani akakisimamisha mwaka 1972. Miaka michache baadaye wengine wakakiacha upande wa chini. Chuchu zikapona. Nanga ikabaki pale pale.

Ilibaki kwa sababu karibu wote waliamini kwamba ngozi ndiyo inayolibeba titi, kama sidiria ya ndani. Lakini ngozi hulegea: ikivutwa kwa nguvu kovu hutanuka, na baada ya muda titi hushuka tena. Claude Lassus wa Nice, Ufaransa, aliyeanza kuchapisha kazi yake kuhusu jambo hili kuelekea mwaka 1970, alikuwa miongoni mwa waliofuata njia nyingine: kuondoa nyama ya katikati upande wa chini, kuzishona pamoja kingo mbili za tezi zilizobaki, na kuiacha ngozi ijikunjie juu yake bila kuvutwa. Umbo sasa linashikwa na tezi. Lile kovu refu la mlalo halikuhitajika tena.

Madaktari wengi hawakushawishika mpaka Madeleine Lejour wa Brussels alipoieneza njia ya kovu wima katika miaka ya 1990, akiongeza unyonyaji wa mafuta kwa mrija kabla ya kukata. Mgonjwa wake alihitaji subira, maana wiki za mwanzo titi huvimba juu, na chini ngozi hujikunja mikunjomikunjo inayochukua miezi kutulia. Elizabeth Hall-Findlay, aliyefanya kazi Banff, Kanada, aliirahisisha mwaka 1999 kwa kutumia kikonyo cha upande wa ndani, ambacho hugeuka bila kubanwa, na kwa kuacha kuibandua ngozi kwa upana. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hatua hiyo ndiyo iliyoitoa kazi mikononi mwa mabingwa wachache na kuifanya ifundishike.

Louis Benelli wa Paris alikuwa amekwenda mbali zaidi mwaka 1990: kovu moja tu kuzunguka chuchu, likikazwa kwa uzi usioyeyuka. Kwenye karatasi linapendeza kuliko yote. Mwilini linafaa kwa kupunguza kidogo tu. Likilazimishwa kwenye titi kubwa, duara hutanuka na titi hubapa.

Kwa matiti makubwa sana au yaliyoshuka mno, wapasuaji wengi bado huichagua nanga, na wana sababu. Anayefikiria upasuaji huu kwa ajili ya maumivu ya mgongo, mabega yaliyochimbwa na kamba za sidiria au vipele vya jasho visivyoisha, amuulize daktari kovu litapita wapi na kwa nini, na kama uwezo wa kunyonyesha utapungua. Amweleze pia kama yeye au ndugu zake huota keloidi, yaani makovu manene yanayovimba, tatizo linalowapata watu weusi zaidi ya weupe. Mistari huchorwa kwa kalamu mgonjwa akiwa amesimama au ameketi, kabla ya nusu kaputi. Huo ni wakati mzuri wa kujitazama kwenye kioo na kuuliza tena.