Cyangugu (uhamaji mpakani)

Mji wa Rwanda kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, unaoelekeana na Bukavu ya Kongo ng'ambo ya mto Rusizi. Mwezi wa Agosti 1994, majeshi ya Ufaransa yaliyotumwa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari yalipokuwa yakiondoka, halaiki ya watu ilivuka daraja na magodoro na masufuria vichwani, nao walimwengu wakawatazama wote kwa jicho moja la huruma, ilhali miongoni mwao walikuwamo wauaji waliokimbia hukumu. Zama za amani wachuuzi, aghalabu wanawake, huvuka alfajiri na mboga wakarejea kabla ya magharibi kwa hati nyepesi, utaratibu uliokuzwa na Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoasisiwa mwaka 1976, na ambao, kwa insafu, una utu kuliko viza ya Ulaya.