Dola: jina lililotoka katika bonde la wachimba feza

Sokoni Goma ao Bukavu, dola yenye kuchanika kidogo tu inakataliwa. Muuzaji anaigeuza, anaitazama kwenye mwangaza, kisha anairudisha. Noti ni ya Marekani, lakini jina lake halikuzaliwa kule. Lilitoka kwa neno la Kijerumani, na neno hilo lilitokana na jina la mahali. (Ile "dola" yenye maana ya serikali ni neno lingine kabisa, la Kiarabu.)

Mahali penyewe ni Joachimsthal, mji mdogo wa milimani katika eneo la Bohemia. Leo uko Jamhuri ya Cheki na unaitwa Jáchymov. "Thal" kwa Kijerumani ni bonde. Kwa hiyo ni Bonde la Joakimu, mtakatifu ambaye Wakristo wanamuhesabu kuwa baba ya Bikira Maria.

Mji ulianzishwa mwaka wa 1516 kwa sababu ya feza, ile madini nyeupe. Wachimbaji walimiminika, kama vile watu wa kwetu wanavyokimbilia machimbo mapya ya dhahabu. Wakubwa wa pale, ukoo wa Schlick, walitengeneza sarafu kubwa za feza ambazo watu waliziita Joachimsthaler, ni kusema "za kutoka Joachimsthal". Jina refu hivyo linachosha mtu anayehesabu makuta. Likakatwa: Joakimu akaanguka njiani, ikabaki "Thaler", yaani "ya bondeni" tu. Waholanzi wakasema "daler", Waingereza "dollar".

Wakaaji wa Amerika walikuwa wanatumia sarafu za feza za Wahispania, nao waliziita dola. Ndiyo maana Marekani ilichagua jina hilo kwa pesa yake mwaka wa 1785. Kwa Kiswahili chetu pia, feza ni madini na ni pesa.

Bonde hilo lina uhusiano mwingine na Kongo. Katika mawe meusi ya Joachimsthal, Marie na Pierre Curie walivumbua radiumu mwaka wa 1898. Bonde likauza radiumu hadi miaka ya 1920, wakati mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yenye uraniumu nyingi zaidi, yalipolipokonya soko. Faida ilikwenda Ubelgiji.