Samaki wa Mweru, Kombe la Afrika

Mwaka 1938, Italia ya Mafashisti ilipotunga sheria za kuwabagua Mayahudi, Nissim Soriano alikihama kisiwa chake cha Rhodes, kilichokuwa chini ya Waitalia. Aliishia Kongo, kandokando ya ziwa Mweru, akafanya biashara ya samaki. Kijijini Kashobwe, mwaka 1964, mwanamke wa nchi ile akamzalia mwana, Moïse Katumbi. Sisi watu wa visiwa hatuna haja ya kuelezwa jinsi mtu anavyotoka kisiwani mikono mitupu, akazaa jina ugenini.

Mwana naye aliingia katika samaki, akiwauza kwa Gécamines, shirika la dola la migodi ya shaba, lenye maelfu ya wafanyakazi wa kulishwa. Kutoka kwenye samaki akahamia kwenye mgodi wenyewe: mwaka 1997 aliasisi kampuni ya MCK, iliyofanya kazi za uchimbaji kwa mkataba. Mwaka huo huo, ambao Mobutu aliangushwa, akakalia kiti cha TP Mazembe ya Lubumbashi.

Klabu hiyo haikuwa changa. Ilianzishwa na watawa wa Kibenediktini mwaka 1939, ikatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na ikafika fainali nne mfululizo hadi 1970. Ubingwa huo haukurudi tena mpaka 2009.

Pwani twamjua mtu wa sura hii. Enzi za beni, matajiri waliwagharimia wachezaji sare na ala za muziki, na aibu ya kushindwa ilikuwa yao kabla ya kuwa ya mpiga ngoma. Katumbi alifanya hivyo kwa mizani ya shaba. Aliwalipa wachezaji mishahara iliyowapunguzia haraka ya kukimbilia Ulaya, akaleta Wazambia, na mwaka 2011 uwanja mpya wa klabu ukafunguliwa Kamalondo. Mwaka huo ndipo Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alipotoka Simba kwenda Lubumbashi, mji ambao Kiswahili chake kingewakunjisha nyuso walimu wetu wa sarufi, lakini ni Kiswahili.

Disemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil 2–0, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan iliishinda 3–0, na kipa Kidiaba, aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka chini kwa makalio, siku hiyo hakupata la kushangilia.

Lakini tangu 2007 mwenyekiti huyo alikuwa pia gavana wa Katanga. Hapo ndipo penye uzito. Kila bao likawa ni kura, na shabiki asiyempenda gavana alishangilia nini hasa? Nadhani hata yeye mwenyewe hakuweza kupambanua.

Septemba 2015 Katumbi alikihama chama tawala. Novemba, Mazembe ikaifunga USM Alger, Samatta akifunga katika mechi zote mbili za fainali, ikawa bingwa wa Afrika kwa mara ya tano. Mei 2016 mwenyekiti akaondoka nchini huku akiandamwa na kesi. Mwezi uliofuata mahakama ikamhukumu, naye hayupo, kifungo cha miaka mitatu kwa shauri la nyumba. Alikana, akasema ni siasa. Hukumu ilibatilishwa mwaka 2019.

Ningependa kusema kwamba klabu iliyojengwa juu ya mfuko wa mtu mmoja huanguka akiondoka. Ushahidi wanikatalia. Novemba 2016, mjini Lubumbashi, Mazembe iliifunga MO Béjaïa 4–1 na kutwaa Kombe la Shirikisho. Mwaka 2017 ikalitwaa tena. Mwenyekiti alikuwa uhamishoni mara zote mbili, ila kiti hakikupewa mwingine.

Alirejea Lubumbashi tarehe 20 Mei 2019, na umati ukajaa njiani kumlaki. Nani kati yao alikuja kumpokea mwanasiasa, na nani alikuja kumpokea mwenye timu?