Mji wa Mkoani, Matamasha Matatu

Eti sanaa ingoje mambo yatengemae kwanza? Mimi nabisha, na shahidi wangu ni Cheltenham, mji wa mkoani huko Uingereza. Juni 1945 vita vya Ulaya vilikuwa vimeisha mwezi uliopita tu, chakula bado cha mgawo, lakini mji ukaanzisha tamasha la muziki. Mgeni nani? Benjamin Britten mwenyewe, akaongoza okestra kupiga vipande vya opera yake mpya, Peter Grimes. Mwaka 1949 likafuata la fasihi, 2002 la sayansi. Humo, mwaka 2005, likazaliwa FameLab, shindano la kueleza sayansi kwa dakika tatu, likasambaa nchi nyingi. Sasa vijana wenzangu wa kalamu, tunangoja nini? Ukumbi? Tuanze na viti tulivyo navyo.