SEHEMU YA 4: Zile namba za kliniki zinakwenda wapi?

Jana tuliongelea vitabu vya MTUHA. Leo tufuate namba zikishatoka humo.

Mtoto akipimwa uzito au akichanjwa hapa Mwamkulu, nesi anaandika. Mwisho wa mwezi tunajumlisha, na jumla inaingizwa kwenye programu inaitwa DHIS2.

Mizizi yake iko Afrika Kusini, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994. Wataalamu wa huko na wa Norway walitengeneza programu ya takwimu za afya za wilaya. Waliigawa bure, ila ilitegemea programu ya Microsoft ambayo ni ya kulipia. Yaani bure nusu! Baadaye Chuo Kikuu cha Oslo kikaiandika upya kwa zana za bure.

Sasa, ukigawa kitu bure unaweka masharti gani? Hayo masharti ndiyo leseni. Chukulia mbegu ya mpunga. Jirani mmoja anakupa na kusema, "Ukiiboresha, na wewe uwagawie wengine hivyo hivyo." Mwingine anasema, "Panda, kula, uza, ila usifute jina langu." DHIS2 ilichagua njia ya huyu wa pili, leseni ya BSD, iliyotoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, miaka ya 1980.

Faida tumeiona. Kenya iliitumia nchi nzima mwaka 2011, na sisi tukafuata. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaiongezea vitu bila kuomba ruhusa Oslo, na Wizara hailipi ada ya leseni. Hasara nayo ipo: mtu anaweza kuichukua, akaiboresha, halafu akaifungia kwake.

Ila mama, usichanganye. Ruhusa hiyo ni ya programu, siyo ya siri za mwanao. Hizo zina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Una haki ya kuuliza nani anaziona.

Tena leseni yenyewe inasema wazi: ikikosea, usimdai aliyeiandika. Kwa hiyo usahihi uko mikononi mwetu. Mimi niandike vizuri, wewe uje na kadi. Mtoto asiyeandikwa hahesabiki chanjo zikiagizwa.

Kesho sehemu ya 5. Mtumie na shoga yako aliyejifungua juzi.